Maswali kwa Fundi wa Stima: Plagi Nne, Kilowati Tano, na Kila Dereva Ana Haraka

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wenye vituo vya kuchaji magari, tuktuk na boda za umeme na kwa madereva wao, kuanzia Kisumu hadi Nakuru. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu shida yake ndiyo shida ya wengi walioniandikia.

NILIPE FEZI TATU AU NISUBIRI?

Fundi, salamu kutoka Mamboleo. Nina ploti kando ya barabara yenye hoteli ya samaki na kinyozi. Mwaka jana niliongeza plagi nne za kuchaji: mbili za magari, moja ya tuktuk na moja ya boda. Stima yangu ni fezi moja, yaani waya mmoja tu wa moto, breka kuu amp 60. Hoteli ina kikaangio cha stima, friji mbili na hita ya maji. Jioni breka inaruka karibu kila siku na wateja wanabaki gizani samaki wakiwa mezani. Madereva nao wamenichosha. Nilianza na aliyefika kwanza ahudumiwe kwanza, wenye tuktuk wakanitukana. Nikaweka zamu za nusu saa kwa kila mmoja, sasa wote wananuna. Juzi mwenye tuktuk aling'oa plagi ya gari la mkate akawasha yake, ikabidi tuwaamue. Nimeambiwa dawa ni kuwekewa fezi tatu, na pesa ninayoombwa ni nyingi. Nilipe?
Mwenye ploti, Mamboleo, Kisumu

Usilipe bado, ndugu yangu. Huenda siku ya kulipa itafika, lakini kwanza tuhesabu ulichonacho.

Amp 60 kwenye volti 240 ni kilowati 14.4. Hapo ndipo mwisho, si mahali pa kufanyia kazi kila siku. Mzigo unaokaa saa nyingi, kama kuchaji, usiuache upite asilimia 80 ya breka. Ukiupita, breka inapata moto na itaruka hata siku ambayo unaapa hujazidisha. Kwa hiyo shika 11.5. Sasa toa hoteli. Kikaangio, friji, hita na mashine za kinyozi, kwa saa za chakula cha jioni, ninaziweka kwenye kilowati 6.5. Unabaki na 5. Gari la umeme la kawaida likiachiwa linavuta 6.6. Gari moja na tuktuk moja vikiwaka pamoja, jumla na hoteli unafika 15.1, na breka imefanya kazi yake ilipokuzimia. Usiilaani breka hiyo, na tafadhali usikubali mtu akubadilishie kubwa zaidi juu ya nyaya zile zile. Nyumba zimeungua hivyo.

Kwa hiyo mali yako ya jioni ni kilowati 5. Kinachobaki ni kuamua nani ale lini, na hapo ndipo ulipokosea, kama nilivyokosea mimi.

Hapa kituoni kwangu Nakuru kuna dereva wa tuktuk ambaye kila Jumanne na Ijumaa alfajiri humchukua mama mmoja wa Kiamunyi kumpeleka kusafishwa damu, maana figo zake zimeacha kufanya kazi. Usiku mmoja nilikuwa na vyombo sita vya usafiri vya kuchaji. Nikawapa zamu sawa, hakuna aliyezidi dakika, nikalala nikijiona nimetenda haki. Alfajiri tuktuk ikazima barabarani mama akiwa ndani. Akaketi kwenye kibao cha duka lililofungwa, blanketi begani, dereva akihangaika kutafuta boda ya kumfikisha. Saa hiyo hiyo kulikuwa na gari la mwalimu kwenye plagi yangu, limejaa, na lilikaa hapo hadi saa nne asubuhi kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Stima ya kumfikisha yule mama ilikuwepo. Mimi niliitia kwenye gari lisilokuwa na safari.

Tangu siku hiyo siulizi nani amefika kwanza. Ninauliza unaondoka saa ngapi na unakwenda wapi. Majibu hayo mawili yananipa kitu ninachokiita akiba ya muda. Chukua saa zilizobaki hadi dereva aondoke. Toa saa ambazo angemaliza kama angepewa stima yote anayoweza kumeza. Kinachobaki ndiyo akiba yake, na mwenye akiba ndogo anatangulia.

Hebu tuiweke kwenye plagi zako nne, saa kumi na mbili jioni. Teksi ilifika ya kwanza: inataka uniti 12 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), inaondoka saa kumi na moja alfajiri. Ikipewa kilowati 6 inamaliza kwa saa 2, na muda ilio nao ni saa 11, basi akiba yake ni saa 9. Tuktuk inataka uniti 4, inameza kilowati 2, kwa hiyo inahitaji saa 2. Inaondoka saa mbili na nusu usiku. Akiba yake ni nusu saa. Boda inataka uniti 2 kwa kilowati 1, na inaondoka saa tatu usiku: akiba saa 1. Gari la mkate linataka uniti 18, yaani saa 3, na linaondoka saa kumi alfajiri: akiba saa 7.

Ukifuata aliyefika kwanza, teksi inashika kilowati zako zote 5 hadi saa mbili na dakika 24. Tuktuk inabaki na dakika 6. Mwenye tuktuk hakukutukana kwa sababu ana tabia mbaya. Alikuwa anaona usiku wake wa kazi unaliwa na gari ambalo litalala hapo hadi alfajiri.

Zamu za nusu saa nazo, kwa mpangilio huo huo, zinaipa tuktuk zamu moja tu kabla ya kuondoka: uniti 1 kati ya 4. Boda inaondoka na nusu ya ilichoomba. Tena angalia upotevu wake: zamu ya boda ikifika, inakula kilowati 1 na zile 4 zinakaa bure nusu saa nzima huku watu watatu wakikukodolea macho.

Sasa fuata akiba. Tuktuk ipewe 2 papo hapo. Boda ipewe 1. Zimebaki 2, mpe mwenye akiba inayofuata, gari la mkate. Teksi ingoje. Saa mbili usiku tuktuk na boda zote zimemaliza, tena tuktuk ina nusu saa mkononi, na mkate umepata uniti 4. Teksi haijapata kitu na haijapoteza kitu. Wateja wako wakienda kulala saa nne na kikaangio kikizimwa, una karibu kilowati 10 za kugawa. Teksi na mkate zikipewa 5 kila moja, teksi inamaliza dakika 24 baada ya saa sita usiku na mkate kabla ya saa saba. Wote wanne wameondoka na walichoomba, kwa amp 60 zile zile.

Kuna jambo moja litakalokukwaza usipolijua. Usijaribu kugawa zile kilowati 2 za jioni kati ya magari mawili. Chaja ya gari huzungumza na gari kupitia waya mwembamba wa ishara wenye mapigo 1,000 kwa sekunde. Upana wa pigo ndio ujumbe: asilimia 10 maana yake vuta amp 6, asilimia 50 maana yake amp 30. Chini ya amp 6 hakuna neno katika lugha hiyo. Amp 6 ni kilowati 1.44, basi ukiyapa magari mawili kilowati 1 kila moja, yote mawili yataacha kuchaji, na utadhani plagi imekufa. Afadhali moja lile na jingine lingoje kabisa.

Tuktuk na boda hazijui hata lugha hiyo. Chaja yake inavuta inachotaka, na wewe kazi yako ni kuwasha na kuzima. Kwa hiyo zipange hizo kwanza, halafu magari yajaze nafasi zinazobaki, maana ndiyo yanayokubali kuongezwa na kupunguzwa. Ukinunua chaja nyingine ya gari, hakikisha inaelewa OCPP, toleo la 1.6 au la baadaye. Hiyo ndiyo lugha inayokuwezesha kuipunguza ukiwa kwenye simu badala ya kukimbia uwanjani na tochi.

Bei nayo inakusaidia. Tarifu ya vyombo vya usafiri vya umeme iliyoanza Aprili 2023 iliweka uniti kwa shilingi 16 saa za kawaida na shilingi 8 saa za mzigo mdogo, kabla ya ushuru na nyongeza nyingine za bili. Siku za kazi, saa za mzigo mdogo zinaanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sababu yake naipenda: kule Olkaria, inakotengenezwa stima ya mvuke, mvuke unatoka ardhini usiku kucha, uwe umelala au uko macho, na ni heri uingie kwenye betri. Omba tarifu hiyo, utenganishe hesabu ya kuchaji na ya hoteli.

Utaniuliza, kwa nini basi niupe mkate uniti 4 jioni kwa 16, nisingoje saa nne niupe zote kwa 8? Kwa sababu uko Kisumu na unajua stima ya huko. Uniti 4 zikigharimu shilingi 8 zaidi kila moja ni shilingi 32. Stima ikipotea saa tano usiku ikarudi saa tisa, hizo uniti 4 ndizo zitakazoupeleka mkate maduka ya kwanza. Mimi ningelipa hiyo 32 kila siku bila kusita.

Na stima ikirudi, usiache vyote viwake kwa pamoja. Friji zimepata joto na zitavuta kwa nguvu, hita imepoa, magari yana njaa, na breka itaruka dakika ile ile. Zima plagi zote mara tu stima inapopotea. Ikirudi, ngoja friji zitulie, kisha hesabu akiba upya, kwa sababu saa zimepita na mpangilio wa jana usiku si wa leo. Gari lililokuwa la mwisho linaweza kuwa la kwanza.

Nunua daftari. Andika namba ya plagi, saa ya kufika, saa ya kuondoka, uniti alizoomba, uniti alizopata. Lijaze wiki mbili. Jioni ambazo hesabu ya akiba inatoka chini ya sifuri, yaani hata ukifanya vizuri mtu ataondoka na pungufu, zitie alama nyekundu. Zikiwa moja au mbili, hamisha hita ya maji ifanye kazi mchana na utakuwa umepata nafasi. Zikiwa nyingi, hapo lipa fezi tatu, na utalipa ukijua unanunua nini.

KILA MTU ANADAI ANAONDOKA SASA HIVI

Mama Fundi, nasimamia kituo cha tuktuk na magari hapa Kakamega. Niliwahi kukusikia ukieleza habari ya kuuliza saa ya kuondoka. Nikaanza. Siku ya tatu madereva walikuwa wameshagundua: kila mmoja anasema anaondoka baada ya saa moja. Kuna aliyesema hivyo akalala ndani ya gari lake hadi asubuhi, namsikia akikoroma. Nifanye nini na watu hawa?
Msimamizi, Kakamega

Mwanangu, hapo umegusa mahali penye uzito, na si Kakamega peke yake. Chuo cha Caltech huko Pasadena, California, kilianza mwaka 2016 kugawa stima ya gereji yake kwa kompyuta. Kilikuwa na plagi 54 chini ya transfoma ya kVA 150, yaani kama kilowati 150, na zote zikivuta kwa pamoja zingetaka zaidi ya mara mbili ya hapo. Kila dereva anataja kwenye simu ataondoka saa ngapi na anahitaji stima kiasi gani, na kompyuta inapanga. Kumbukumbu zao za kuchaji maelfu ya mara zilionyesha kwamba wanachotaja madereva na wanachofanya ni vitu viwili. Wengine hawasemi uongo, wanakisia tu vibaya. Walichofanya ni kuangalia desturi ya mtu siku zilizopita, na desturi ikabashiri vizuri kuliko kauli yake.

Wewe unaweza kufanya hivyo kwa macho na daftari. Andika saa aliyosema na saa aliyoondoka kweli. Baada ya wiki utawajua. Dereva wa saa moja anayeondoka asubuhi, mhesabie asubuhi, na mwambie waziwazi kwa nini, umwonyeshe ukurasa wake. Usimwaibishe mbele ya wenzake. Mwite kando.

Halafu ifanye haraka iwe na bei yake. Kwangu anayeniachia chombo hadi asubuhi analipa shilingi 28 kwa uniti, na mimi ndiye ninayechagua dakika za kumchaji. Anayetaka kumaliza kabla ya saa nne usiku analipa 40. Tangu niandike bei hizo mbili ukutani kwa chaki, wengi wamekumbuka kwamba hawana haraka. Lakini upande wangu nao una deni. Aliyelipa 40 nikashindwa kumtimizia kwa saa tuliyokubaliana, uniti alizopata ni bure. Nimewahi kulipa hivyo mara nne mwaka huu, na kila mara nilikuwa nimekubali mtu wa ziada nikijua jioni imejaa. Ukiona akiba ya mgeni haitoshi, mwambie kabla hajachomeka: sina, labda saa tatu. Ataudhika kidogo, atakwenda kwingine au atakunywa chai angoje. Aliyeahidiwa akakosa hasahau.

Usiogope kwamba mwenye akiba kubwa atasahaulika kwenye mstari. Kila dakika anayongoja akiba yake inapungua, mwisho zamu inamfikia mwenyewe bila kupiga kelele. Anayesahaulika ni yule ambaye hukumuuliza saa ya kuondoka. Muulize kila mtu, hata jirani yako, hata mwenye duka la pembeni anayeacha pikipiki akisema tutaonana.

Na weka kilowati moja pembeni isiyouzwa. Mimi ninayo kila alfajiri ya Jumanne na Ijumaa, kwa yule mama wa Kiamunyi. Dereva wake halipi bei ya haraka.

NILIPEWA NILICHOOMBA, NIKAISHIWA NJIANI

Fundi, mimi ni dereva wa gari dogo la umeme Kisumu. Nilipata abiria wa Kericho. Nilipiga hesabu ya kilomita nikaomba kituoni uniti 12 juu ya stima kidogo niliyokuwa nayo kwenye betri. Meta ilionyesha 12 kamili, na nikalipa. Betri iliisha nikiwa nauona mji. Je, meta ya kituo inaiba?
Dereva, Nyalenda, Kisumu

Pole sana, dada yangu, kukwama na abiria kwenye mlima ule ni fedheha ambayo hukuistahili. Meta sidhani kama imekuibia. Umeibiwa na mlima.

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Kericho karibu 2,000. Gari la kilo 1,600 pamoja na wewe na abiria, kulipandisha tofauti hiyo pekee, hata kama barabara haina upepo wala matairi hayasuguani, kunataka karibu uniti 4. Hizo ni juu ya zile za kilomita. Hadi Ahero ulikuwa unateleza kwenye tambarare ya Kano, kioo cha dashibodi kikakuambia mambo ni mazuri, maana kinabashiri kwa mwendo uliopita. Ulipoanza kupanda baada ya Awasi kikaanza kushuka mbio. Ongeza pia kwamba uniti 12 za meta ya ukutani haziingii zote 12 kwenye betri. Kama moja hivi inapotea kwa joto la chaja ndani ya gari. Ndilo hilo joto unalolisikia ukiweka mkono juu ya boneti wakati wa kuchaji.

Ukirudi Kisumu utarudishiwa sehemu, kwa sababu gari likishuka mota inageuka kuwa jenereta. Usijaze betri hadi 100 ukiwa juu Kericho, utakosa mahali pa kuiweka hiyo stima ya mteremko.

Wenye vituo mnaosoma hapa, barua hii inawahusu zaidi kuliko huyu dada. Msiulize tu uniti ngapi. Ulizeni unaelekea wapi. Anayekwenda Kericho na anayekwenda Ahero wakiomba 12 hawajaomba kitu kimoja, na akiba zao hazilingani. Bandikeni ukutani orodha ya safari za kawaida za pale kwenu pamoja na uniti zake, mkizipima kwa madereva wenu wenyewe wanaokwenda na kurudi: kupanda Kericho, kupanda Nandi Hills, tambarare ya Ahero. Dereva mgeni ataisoma kabla hajawaambia namba.

FEZI TATU, NA BADO BREKA INARUKA

Fundi, kituo chetu Nakuru kina fezi tatu, breka ya amp 60 kwa kila fezi, na plagi sita za magari. Tuliambiwa tuna stima ya kutosha hadi tuchoke. Lakini magari matatu tu yakiwaka, breka inaruka. Tulimwita mtu akapima kwa ile klampu inayobana waya: nyekundu amp 66, njano 14, bluu 15. Hakutueleza maana yake akaondoka.
Wanachama wa kituo, Section 58, Nakuru

Maana yake ni kwamba mnabeba mzigo wote kwa bega moja. Jumla yenu ni amp 95. Zikigawanywa kwenye fezi tatu ni chini ya 32 kila moja, na breka isingejua hata kama mpo. Aliyewafungia alichomeka plagi za kwanza zote kwenye fezi nyekundu, na madereva kwa mazoea huegesha kwenye plagi za kwanza kwa sababu ndizo zilizo karibu na geti.

Mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, azime kabisa, ahamishe: plagi ya kwanza nyekundu, ya pili njano, ya tatu bluu, ya nne irudi nyekundu, na kuendelea. Kwenye nyaya mpya rangi hizo ni kahawia, nyeusi na kijivu, asichanganye. Akague pia waya wa nyutro, kwa sababu mzigo ukiegemea upande mmoja tofauti yote inarudi kupitia huo. Nimewahi kufungua boksi la namna hii nikakuta ngozi ya nyutro imekauka na kupasuka kama ganda la njugu. Akiona hivyo, abadilishe waya siku hiyo hiyo, kabla ya kuwasha chochote.

Baada ya hapo pigeni rangi sakafuni kwenye kila nafasi ya kuegesha, rangi ya fezi yake. Anayepanga magari usiku ataona kwa macho kwamba nyekundu zimejaa na amwelekeze mgeni kwenye njano. Kisha mwiteni mwenye klampu arudi apime tena. Arudi saa moja jioni, magari yote yakiwa yanakula, si saa nne asubuhi wakati uwanja ni mtupu.